Fimbo ya Mama Kulwa

Mama Kulwa, mke wangu,

Nisamehe. Ni miaka mitatu tangu tukuzike, na mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwamba kutojibu barua ni utovu wa adabu, sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa na la kukuambia ila toba, na toba iliniwia nzito. Sasa nimeona jambo ambalo siwezi kukaa nalo peke yangu.

Unaikumbuka siku ile uliporudi kutoka sokoni, umeshika ncha moja ya fimbo na Doto wetu akiivuta ncha nyingine mbele yako? Uliniambia, "Baba Kulwa, wanasema yuko daktari mjini anayemtoa mtoto wa jicho." Nikakujibu bila kuinua uso kutoka kwenye madaftari, "Hayo ni maneno ya sokoni. Uzee hauna daktari." Ukasema, "Haya, mwalimu." Hukulitaja tena.

Maneno ya sokoni yalikuwa kweli.

Masika ya mwaka huu yalipokwisha, daktari wa macho kutoka ng'ambo alifika hapa misheni Ushirombo, akakaa majuma sita. Dresa wa hospitali, yule anayefunga vidonda, alimtafsiria kwa Kiswahili, nami nikaitwa niwafikishie wazee kwa Kisukuma. Walikuja kwa miguu kutoka Kahama, na kwa malori ya pamba kutoka Geita, kila mmoja nyuma ya fimbo yake. Sikujua kwamba nchi yetu ina vipofu wengi namna ile. Walikuwa nyuma ya milango, kama wewe.

Nilisimama karibu daktari alipokuwa akimpasua Mzee Masanja, mfugaji asiyeona kwa miaka saba. Kilichotoka jichoni kilikuwa kidogo kama punje ya dengu, cheupe kama maziwa yaliyoganda. Kiliwekwa katika kibakuli. Nilikitazama muda mrefu. Mke wangu, kitu kile ndicho kilichomficha mtu mbingu, ng'ombe wake na watoto wake. Ndicho kilichokuficha uso wangu.

Baada ya hapo walilazwa chali siku kumi, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga kando ya vichwa vyao. Ugoro ulikatazwa, maana chafya moja ingeweza kuharibu kazi yote. Masanja alinilalamikia kila asubuhi, "Mwalimu, jicho nimewapa. Na ugoro wangu pia mnautaka?"

Siku ikafika, Masanja akafunguliwa bendeji. Alitazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akamwona mwanamke amesimama mbele yake, akamwamkia kwa heshima, kama mtu anayemwamkia mgeni, "Mwangaluka."

"Mwangaluka," akajibu mkewe.

Akaitambua sauti. "Kumbe ni wewe? Mbona umezeeka hivi?"

"Miaka saba nakuvuta kwa fimbo," akasema mama yule, "na wewe ni mzito."

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilikaa juu ya kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo kanuni za pale zinalikataza.

Kila aliyepona aliiacha fimbo yake ukutani, nje ya hospitali. Hakuna aliyewaagiza. Zikawa rundo.

Majuma sita yakaisha, na mstari bado ulikuwa mrefu. Daktari akatueleza kwamba huko ng'ambo watakutana watu wa mataifa mengi, kuamua kama madaktari wa macho watapelekwa nchi kama yetu, wakae, wafundishe na vijana wetu. Akaomba barua ya kuwasomea. Niliiandika, nikaiandika tena, na haikuwa na kosa. Mke wa Masanja aliposomewa akasema, "Ni nzuri, mwalimu. Lakini Wazungu karatasi wanazo. Wapelekeeni fimbo."

Basi tukazifunga kwa magunia ya pamba. Kila moja niliifungia kipande cha karatasi: jina la mwenyewe, kijiji chake, na miaka aliyokaa gizani.

Kabla lori halijaondoka nilirudi nyumbani, nikaichukua yako nyuma ya mlango. Ncha yako inang'aa kwa kushikwa; ncha ya Doto bado ina alama za meno yake. Niliandika: "Mama Kulwa. Ushirombo. Miaka minne. Mumewe hakumpeleka kwa daktari."

Dresa alisoma, akaniangalia. "Na hii niifunge, mwalimu?"

"Ifunge."

Jioni Doto alitazama nyuma ya mlango. Aliniletea maji ya kunawa, akaketi karibu nami kuliko kawaida yake.

Wale waliobaki mstarini wamerudi kwao kungoja. Naona vigumu kuamini kwamba mahali nisipopajua hata kwa ramani, watu wasionijua wataishika fimbo uliyoishika wewe, na kwa fimbo hiyo waamue kama wengine wataona. Lakini nilisema pia kwamba uzee hauna daktari. Siku hizi nanyamaza zaidi.

Pumzika, mke wangu. Wakishaamua, liwe ndiyo au liwe hapana, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kisha nitakuja kaburini nikusomee mwenyewe, polepole, kama ulivyozoea kuniomba.

Mumeo,
Baba Kulwa