Mikorosho Ni Yako, Mama

Granada, Hispania

Mama yangu,

Shikamoo. Naisema kwa sauti huku naandika, maana huku sina wa kumwamkia hivyo na ulimi umeanza kusahau. Goti linaendeleaje? Korosho zimeanguka nyingi mwaka huu, au ule upepo uliharibu maua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi kwenye soksi. Asha mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke hata mstari, hasa ile yenye maneno makali.

Nimepata habari kwamba Hamisi, mtoto wa shangazi, amekupa hadi mwisho wa msimu umwachie shamba la Matambarale. Ati mikorosho ni ya marehemu mjomba wake, yaani baba, na kwa mila yeye mpwa ndiye mrithi. Nimesikia pia kaka yako wa Nachingwea anakushauri umpe tu ili amani ipatikane. Mwenye nguvu mpishe, anasema. Usimpishe, mama! Subiri nikueleze nilichokiona huku, utajua kwa nini nina hasira.

Yule bibi ninayemtunza, Bi Karmen, alikuwa mwalimu, na ana wazimu wa mwandishi mmoja mashuhuri wa riwaya aliyewahi kuishi huku. Jina lake litamvunja Asha ulimi, kwa hiyo naliacha. Bi Karmen ameapa hatakufa kabla hajapita kila mahali alipopita bwana huyo. Miguu yake imekwisha, basi miguu ni mimi. Nasukuma kiti chake cha magurudumu kwenye vichochoro vya mawe vinavyopanda kilima, jasho linanitoka kwenye baridi. Hamisi anawaambia watu nimekuja Ulaya kusukuma vizee. Ni kweli, nasukuma, na sioni haya. Yeye amewahi kusukuma nini zaidi ya maneno?

Mjini kila kona ina kibao cha marumaru. Hapa mwandishi alikunywa kahawa. Hapa aligombana na mwenye nyumba. Bi Karmen hukigusa kila kimoja kwa kidole, kisha ananiambia twende.

Wiki iliyopita tukaenda shamba, kwenye nyumba aliyopanga mwandishi huyo kiangazi kimoja. Teksi ilipotushusha, nikaona watu wanaicharaza mizeituni kwa fito ndefu, matunda yanamwagika chini. Damu ilinichemka. Unajua kwetu ni nani anayepiga mti wa watu: mwizi asiyeweza kungoja korosho ianguke yenyewe. Nikaacha kiti, nikawakimbilia, "Wezi! Wezi!" kwa Kiswahili kabisa. Wakaduwaa, fito juu. Kumbe ndivyo wanavyovuna! Bi Karmen alicheka hadi blanketi likamwanguka.

Mwenye shamba, mwanamke wa umri wako, hakucheka. Aliuliza nimeona nini. Nikamweleza habari za korosho zetu. Akasema, "Wewe ni wa kwanza kuja hapa ukatazama miti. Wengine wote wanauliza yule bwana alikalia kiti gani."

"Aliipanda nani?"

"Mama yangu na dada zake."

"Na sasa ni ya nani?"

Akanishangaa. "Si nimekwambia? Ya mama."

Mama yake alikwisha kufa zamani, naye bado anasema ya mama. Nililia pale pale.

Maana nakumbuka. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa Nachingwea akibeba magunia ghalani. Wewe ulichimba mashimo una mimba ya Asha, mimi nikashika ndoo ya mbegu. Salfa, ile dawa ya ukungu, ulipulizia mwenyewe, ukikohoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Hamisi sijawahi kumwona ameinama ila kwenye sahani. Baba mwenyewe, wageni wakija, alikuwa akisema, "Twendeni shambani kwa mke wangu." Kwetu kila mtu anajua kuwa aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata ardhi iwe ya nani. Hamisi anajua pia. Ndiyo maana anasema aliyepanda ni baba.

Sikubali, na wewe usikubali. Asha, barua hii isome pia mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Hamisi akiwepo.

Msalimie jirani yetu muuza vitumbua, na shehe aliyenifundisha kusoma. Mjomba wa Nachingwea mpe shikamoo yangu, lakini mwambie hiyo amani anayoitaka ailipie kwa shamba lake. Shangazi msalimie sana, sina ugomvi naye. Siku ile tunapanda yeye ndiye aliyetuletea maji ya kunywa. Aseme hivyo mwanawe anasikia.

Na wewe Asha, ng'oa ubao kwenye lile banda bovu la kuku. Andika jina la mama kwa herufi kubwa: MIKOROSHO HII ALIIPANDA BINTI MFAUME. Usiupigilie kwenye mti, mti hauna kosa. Simika nguzo njiani, Hamisi aipite kila siku. Huku mtu akilala kiangazi kimoja tu anawekewa marumaru.

Mimi mwanao, mshika ndoo,
Somoe