Samaki wa Kupaka Kwenye Uwanja wa Besiboli

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekuna nazi tangu asubuhi, mkono umekufa ganzi. Wacongo, wateja wangu, wamekula mchana wakaenda soko la Shahe kununua nguo, jioni wamerudi wamekula tena. Wali uliganda chini kidogo. Mmoja wao, Papa Kasongo, kasifu maharage. Yeye akiwa na njaa husifu kila kitu.

Zuhura mwanangu hajapiga. Wiki nzima kimya. Hoteli anayopikia iko vituo vichache vya metro kutoka mtaa huu wa Xiaobei, ungedhani yuko nchi nyingine. Tangu ahamie vyumba vya wafanyakazi anakuja mara mojamoja, anakaa mkoba begani. Mtu anayekaa na mkoba begani hajaja.

Wenzangu walifuata biashara China. Mimi nilifuata mtoto. Alikuja kusoma, baba yake akafa, nikaona nyumba ya Tanga imekuwa kubwa mno. Nikaja. Sasa nawapikia watoto wa watu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kapiga! Nilikuwa nina unga mikononi, simu nusura iingie kwenye beseni.

Ananihitaji. Kasema hivyohivyo, mama nakuhitaji. Kuna mchezo unaitwa besiboli, unachezwa jioni za Jumamosi, timu ndogo za miji, watazamaji hawajai. Sasa wenye uwanja wameona wawaite wapishi wa hoteli kubwa waje kupika pale vibandani, watu wafuate chakula. Mkuu wa jiko lao, Shifu wanamwita, kawaambia wapishi vijana kila mmoja alete chakula cha kwao, kipambwe kihoteli. Zuhura kachagua samaki wa kupaka.

Kila mpishi anaruhusiwa msaidizi mmoja. Angeweza kuchukua yeyote, kanichukua mimi. Nimeimba jikoni mpaka jirani kagonga ukuta.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo nimeingia jiko la hoteli. Safi kama hospitali. Wamenivisha aproni nyeupe na wavu wa nywele juu ya ushungi. Tui nimekamua kwa mkono, wale vijana wa Kichina wamesimama wanatazama kama mazingaombwe. Samaki wamechomwa vizuri, mchuzi mzito, ukwaju umekubali.

Halafu Zuhura akapakua. Kipande cha samaki kama vidole viwili. Wali umefinyangwa kama kikombe cha kahawa. Mchuzi kijiko kimoja, juu jani. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikamwuliza kingine kiko wapi.

"Ndiyo hiyohiyo, mama."

"Hii si ya kuonja?"

"Mama, hii ndiyo sahani."

Nikachukua kitambaa nikafuta meza. Ila nilimwonea huruma atakayeilipia.

Tukiosha mikono ndipo akaniambia. Shifu anakwenda kufungua hoteli mpya Xi'an. Atakayemfurahisha pale uwanjani atakwenda naye awe msaidizi wake mkuu. Xi'an ni mbali, kaskazini huko, hata treni ya kasi inakula siku yako. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikasema hongera mwanangu.

Isha nimetaka kumwombea ashinde. Ulimi haukwenda. Nimemwombea afya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeharibu.

Naandika kwa mpango maana kichwa kinaruka. Uwanja si mkubwa, nyasi zimenyolewa kama ndevu za bwana harusi. Vibanda viko nyuma ya viti. Mmoja anauza bata, mwingine tambi nyeusi kama makaa, nikaambiwa ni wino wa ngisi. Zuhura kavaa kofia ndefu nyeupe. Nilitaka kumwambia kapendeza. Nikamwambia kofia imepinda.

Mchezo wenyewe, kijana anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, halafu anatoka mbio kama kaiba kuku. Nikamwuliza Zuhura anakimbilia wapi.

"Anazunguka, mama. Anarudi palepale alipoanzia."

"Sasa aliondokea nini?"

Akacheka. Kile kicheko chake cha kuziba mdomo. Mwaka huu sijakisikia.

Kisha Shifu akamwita juu, kwa wageni wa viti vya bei mbaya. Akaniachia kibanda. Mama, kijiko kimoja, usisahau. Nikamwambia nenda.

Wa kwanza nilimpa kijiko kimoja. Wa pili pia. Wa tatu baba mmoja mrefu, kabeba mtoto shingoni. Akatazama bakuli. Nami nikatazama, nikaona chini ya bakuli. Kwetu ukimpa mgeni chombo kinachoonyesha chini, umemwambia aende zake. Mkono ukaenda wenyewe. Vipande vya samaki nikaongeza, wali ukajaa, mchuzi mpaka ukingoni. Yule baba akakodoa macho, akaita wenzake. Nao nikawapa vilevile. Ningewapaje pungufu wakati mwenzao kashika bakuli lililojaa? Foleni ikazunguka kibanda. Mpira wameacha kuutazama. Wananipiga picha, wananiita ayi, ndiyo shangazi kwa lugha yao. Ayi, ayi! Jamani nilifurahi. Nilijiona niko harusini Tanga, mimi ndiye mwenye shughuli.

Masufuria yakaisha, mchezo haujafika hata nusu. Zuhura akashuka na Shifu na wale wageni, wamekuja kuonja. Wakanikuta nakwangua. Shifu kanitazama mimi, katazama sufuria. Akasema maneno machache. Nililolijua ni meiyou, hakuna, lile la madukani ukiulizia saizi. Zuhura kainama kama mtoto wa shule. Yule wa bata alikuwa anacheka.

Kwenye teksi kageukia dirisha mpaka mwisho wa safari. Niliomba hata anifokee.

Jumapili, 13 Oktoba

Kaja asubuhi. Mkoba begani. Kasimama mlangoni.

"Mama, ulitaka nisiende."

Nikamwambia nitakufanyiaje kusudi wewe? Kasema sijui, mama, ndiyo maana nakuuliza.

Nikamwambia kaa ule kwanza. Akaondoka.

Sikukusudia. Hapa hakuna anayenisikia, wa kumdanganya hayupo. Sikukusudia. Ila nilipoona masufuria yamekuwa meupe, kabla sijauona uso wake, kuna kitu ndani yangu kilishusha pumzi. Kilifurahi. Nimekiona kwa macho yangu.

Sijala leo.

Jumanne, 15 Oktoba

Kimya. Nimemtumia sauti kwenye simu, hajajibu. Nimeamua nisimtumie nyingine, nikamtumia.

Papa Kasongo kaniuliza mbona chumvi imekuwa nyingi. Nikamwambia tumia maji.

Najiuliza, akikosa Xi'an atakaa. Atakaa hapahapa, vituo vichache. Atanichukia vituo vichache. Huo ndio ukaribu ninaoutaka? Na akienda, siwezi kumfuata. Huko nitampikia nani? Wateja wangu wote wako hapa, na chumba hiki ndicho kinachonilisha. Nilimfuata mara moja. Mara ya pili sina miguu hiyo.

Alipokuwa mdogo alikuwa akishika kanga yangu sokoni. Hashiki mkono, anashika pindo. Nilikuwa namkemea atanivua nguo. Leo mchana nimepita sokoni nikageuka nyuma kutazama, bila sababu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kaja. Nilidhani ni mtu wa maji.

Mambo yamegeuka. Watu wa uwanjani wanamwulizia yule ayi. Video zimezunguka kwenye simu zao, mimi na mwiko wangu. Wenye uwanja wamempigia Shifu wanataka kibanda kirudi kesho, na ayi awepo. Shifu hakupenda. Lakini kakubali, na kasema kesho ataamua wa kwenda Xi'an. Anataka samaki watoshe mpaka mchezo uishe, na bakuli la mwisho lifanane na la kwanza.

Zuhura kaeleza yote kasimama. Halafu kanitazama usoni.

"Mama, naweza kukuamini?"

Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Niliumia. Halafu nikaona ana haki.

Nikamwambia unaweza.

Akaweka mkoba chini. Kala sahani mbili, ya pili kajipakulia mwenyewe. Nilikuwa namwangalia shingo anavyomeza.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefanya.

Kijiko kimoja. Kipande kimoja. Kikombe kimoja cha wali. Jani. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile. Wamekuja wananijua, wanatabasamu, wananyoosha bakuli wakitegemea. Nawapa kidogo. Wanatazama bakuli, wananitazama. Kila bakuli nilikuwa naona aibu, aibu ya kweli, masikio yanawaka. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo mgeni alikuwa anaambiwa ongeza mpaka anaomba msamaha.

Zuhura yuko ubavuni anachoma samaki. Hanitazami. Lakini najua anasikiliza kijiko.

Yule baba mrefu kaja na mtoto wake. Mtoto kamaliza palepale, akaninyooshea bakuli tupu. Mdomo una mchuzi. Ayi, kasema. Sufuria iko mbele yangu, ina chakula, mtoto anaona kina chakula. Maisha yangu yote sijawahi kumnyima mtoto na chungu kina kitu.

Nikamwambia meiyou.

Baba yake kacheka, kambeba. Nikageuka nikajifanya napangusa kibanda. Zuhura kaweka mkono mgongoni kwangu, kidogo tu, kisha karudi kwenye moto.

Shifu alikuja mwishoni kabisa, watu wanatoka. Kala bakuli la mwisho, kasimama, kala taratibu. Kafunga macho kidogo. Kamwambia Zuhura jambo, Zuhura kainama, lakini safari hii si kama mtoto wa shule.

Nimempeleka mwanangu Xi'an kwa mkono wangu mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Nilijua kila kimoja.

Jumatano, 23 Oktoba

Kapata.

Kapiga simu analia na kucheka. Nikapiga vigelegele mulemule jikoni, Wacongo wakaacha kula.

"Mama Zuhura, nani anaoa?" Papa Kasongo huyo.

Nikamwambia hakuna anayeoa, mwanangu kawa msaidizi mkuu wa jiko Xi'an.

"Ao! Sasa mbona unalia?"

"Kitunguu."

"Mama, kitunguu iko wapi? Leo ulitupatia ugali na samaki ya kukauka."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Halafu kanyanyuka, mtu mzima yule, kachukua sahani zote za mezani kaenda kuziosha. Mwanamume wa Lubumbashi.

Jumamosi, 2 Novemba

Kaja kulala hapa. Kesho treni.

Nimemsuka. Twende kilioni tu, kofia ya jikoni haitaki mambo mengi. Kakaa chini katikati ya magoti yangu kama zamani. Kichwa chake kimekuwa kizito. Nimeona mvi moja, nikaificha ndani ya msuko.

Nilisuka polepole. Akaniambia mama, unachelewa makusudi. Nikamwambia ndiyo. Hapo nilikusudia.

Tukacheka. Kaegemeza kichwa pajani. Nilitaka kumwambia usiende. Nikamwambia nywele zako zinataka mafuta, huko kukavu.

Jumapili, 3 Novemba

Stesheni kubwa kama uwanja wa ndege. Mwenye tiketi anaingia, asiye na tiketi anabaki. Kaweka kadi yake pale, mlango mdogo wa kioo umefunguka, umejifunga. Kageuka mara moja. Alikuwa anatafuta simu mfukoni, sijui kama aliniona.

Nimerudi na metro. Nilishuka kituo cha hoteli yake ya zamani kwa mazoea, nikasimama pale, nikapanda inayofuata.

Nimepika. Watu wamekula. Walikuwa wapole leo, hata wa kugombania pilipili hayupo.

Jioni sauti yake imeingia. Nimefika mama. Kuna baridi. Chumba kizuri. Basi. Ni fupi. Mwishoni kabisa, kabla haijakatika, anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuongeza neno.

Nimeisikiliza tena. Inakatika palepale.

Naisikiliza mpaka hapo.