Fundi Aliyekiri Kosa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mwanao aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi bila kumtukana mtu, nikafurahi, ingawa nilitaka pia kujua hali ya ngazi zenyewe. Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba ina utaratibu mno tangu wifi yako atutoke. Kijiko nikikiacha mezani asubuhi, jioni nakikuta palepale, hakijasogezwa na mtu.

Ulitaka habari za mahakamani, kwa kuwa wenzako huko wanazipenda. Basi, chumba ni kilekile: feni moja inayozunguka kama inayofikiria, kizimba kilichong'arishwa na viganja vya wezi, na mabenchi matano ya watu. Mimi nakaa benchi la pili, upande wa ukutani. Napapenda kwa sababu ikifika saa tatu watu huanza kubanana, na hakuna siku anayokosekana mtu wa kuniambia nisogee kidogo.

Mwezi uliopita tulikuwa na kesi ya geti. Geti lenyewe lililetwa zima zima kuwa kielelezo, likaegemezwa karibu na mlango, na kila aliyeingia alilishika kwanza akidhani ndilo la kufungua. Mwizi na mwenye geti ni majirani. Walitoka nje, wakasemezana hadi wakapatana, mlalamikaji akaomba kuiondoa kesi na hakimu akakubali. Kisha mwenye geti akamwomba mwizi amsaidie kulirudisha, maana uzito wake anaujua. Mwizi mwingine, aliyeiba betri ya lori, aliomba ahurumiwe kwa kuwa ni kosa lake la kwanza. Hakimu akamsomea karatasi: ni la saba. Akajibu kwa heshima zote kwamba alikuwa na maana ya la kwanza mbele ya mheshimiwa huyu. Alipewa miaka miwili, na hakimu aliinama kidogo kuficha cheko.

Ukikaa sana pale unajifunza bila mwalimu. Anayekana kosa, kesi yake huahirishwa mpaka mwenyewe asahau alichoiba. Anayekiri mapema, kama ni mara ya kwanza na mali imepatikana, hupigwa faini au hupewa kifungo cha nje, na saa sita yuko kwake. Watu wakaanza kuniuliza. Mama wa mshtakiwa mmoja akanibandika jina la Wakili wa Benchi, likaganda. Sikulikataa. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuniita kwa jina lolote.

Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja mama mmoja wa makamo, fundi wa kushona, akakaa kando yangu. Alikuwa nje kwa dhamana. Alishtakiwa kuiba kichwa cha cherehani kwenye karakana ya sare anakofanya kazi. Alinieleza taratibu kwamba msimamizi wake alimruhusu kwa mdomo akipeleke nyumbani amalizie kazi, kisha msimamizi mwenyewe akaacha kazi na kuhama, na tajiri mwenye karakana hakutaka kusikia lolote. Nikamwuliza kama amewahi kushtakiwa. Hajawahi. Cherehani imepatikana? Imepatikana, haina hata mkwaruzo. Nikamwambia akiri, aseme ndiyo kwa kila atakachosomewa, asibishane na karatasi. Akasema, lakini kaka, mimi sikuiba. Nikamjibu kama bwana mkubwa kwamba hapa hatuendi hivyo, na kwamba kabla ya chakula cha mchana atakuwa nyumbani.

Nilisahau jambo moja, na si kwamba sikulijua. Kumwibia jirani ni shauri moja. Mfanyakazi kumwibia mwajiri wake kuna kifungu chake peke yake katika sheria, na hakimu wetu hapigi faini kwa kifungu hicho. Nimemsikia akilisema hilo si chini ya mara kumi. Lakini siku ile nilikuwa naulizwa, Dada, na mimi nikiulizwa huwa nakolea.

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, akafika pale pa kusema kwamba mshtakiwa alikichukua bila ruhusa ya mtu yeyote. Fundi akafungua mdomo, akaufunga, akageuka nyuma kunitazama. Kisha akasema ndiyo, ni kweli. Akapewa mwaka mmoja na nusu. Hakimu alisema mwajiri alimwamini. Fundi akamwomba askari amtume mtu kwa jirani aliyemwachia ufunguo, amwambie asimsubiri.

Wiki iliyopita akaja wakili wa ofisi ya msaada wa kisheria, mwanamke mwenye mkoba mzito, akamwuliza karani yuko wapi ofisa wa mahakama aliyemshauri mteja wake, yule fundi. Karani akacheka hadi akaweka kalamu chini. Akasema ofisa wa wapi, mama, yule ni mzee wa benchi tu, anakuja kutazama kesi kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira.

Ndiyo, Dada. Sina kazi mahakamani, wala sijawahi kuwa nayo. Kiwanda cha uchapaji kilitufungia mlango miezi miwili baada ya kumzika wifi yako. Uliponipigia simu ukaniuliza niko wapi, nikasema niko mahakamani. Ulipiga vigelegele. Kufikia jioni ulikuwa umekwisha kuwatangazia watu. Fundi naye aliniuliza kama mimi ni mtu wa mahakama, nikamjibu kwamba huu ni mwaka wangu wa nne hapa. Nimelichunguza jibu hilo sana, na hakuna neno la uongo ndani yake.

Wakili alisema mwisho wa kukata rufaa ni Ijumaa. Inaweza kusimama iwapo nitaapa kwa maandishi kwamba nilijifanya mtu wa mahakama nikamwelekeza akiri asilolifanya. Hakunificha kwamba naweza kushtakiwa, na kwamba chumba kile sitakikanyaga tena mpaka niitwe. Kushtakiwa hakukunitisha sana. Ila nilijaribu kuiwazia asubuhi isiyo na pa kwenda, nikajikuta nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Jumamosi nikaenda gerezani. Nilitaka anisamehe kwanza ndipo nisaini. Hata pale, unaona, nilikuwa natafuta nafuu yangu. Nikamweleza mimi ni nani. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu, siku ile alipogeuka kunitazama, nilijua anamtazama nani?

Muda wa kuonana ukaisha sijamjibu. Nakujibu wewe. Nilijua. Alikuwa anamtazama ofisa wa mahakama. Nikanyoosha mgongo, Dada, nikamwitikia kwa kichwa.

Nimesaini leo asubuhi. Nimekuandikia barua kwa sababu simu ningeikata. Usitume tena barua kwa anwani ya mahakama. Karani alikuwa akinipokelea kwa huruma zake tu. Msalimie mwanao na watoto wake. Wale uliowatangazia kazi yangu, waambie ukweli wakikuuliza, na wasipouliza pia waambie.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeko nyumbani.