Mama Alivyozuia Pumzi

Kinyozini kwangu, kiti cha dirishani.
Jumamosi, tarehe 6.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Kaa chini kwanza. Kaka yako nimezaliwa na nyota! Kinyozi mimi, niliyekimbia shule, nimekaribishwa hospitalini, kwenye chumba cha mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, nikae na wataalamu, nikaitazama damu ya mama ikipita moyoni. Mtaa mzima unanionea wivu.

Hujambo lakini? Shemeji na wanao hawajambo? Sisi wazima, na kitambi changu ndicho kizima kuliko wote.

Najua roho yako iko juu: mama atapasuliwa au hapasuliwi? Daktari alihofia vali ya moyo, ule mlango wa damu, haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Ndiyo maana akaagiza hizo picha.

Za kwanza zilitoka ukungu mtupu. Mtu fulani alishika kipaza sauti cha kumsemeshea mgonjwa, akasema, "Mama, usikorome humo, utaamsha wodi nzima." Mama akacheka mpaka akatikisika mwili mzima.

Tena zilikuwa chache. Hebu nikufundishe. Itazame feni ikizunguka: jicho halishiki panga moja moja, unaona duara tu. Mashine nayo ikipiga picha chache kwa kila pigo la moyo, damu iliyorudi kwa kufumba na kufumbua inaonekana imerudi muda mrefu. Fundi wa picha akataka nyingi, zilizokaribiana. Lakini hapo mama azuie pumzi zaidi, kimya, asitikisike. Mama yetu huyo, anyamaze!

"Nizuie mpaka lini, mwanangu? Mpaka nimfuate marehemu mume wangu?"

"Mpaka nikwambie pumua, mama," fundi akajibu.

Akazuia. Alikuwa amemnunia yule mchekeshaji, na wewe unajua mama akinuna hata kope hazichezi.

Picha zikatoka safi! Damu inarudi kidogo tu pale vali inapofunga, kisha mlango unabana kabisa. Hapasuliwi, mdogo wangu! Vidonge na kupunguza chumvi, basi. Mama alipoambiwa akajibu, "Moyo wangu mzima. Anayeuchosha ni huyu Domo."

Shangazi anakusalimu, anauliza lini mtakuja. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu. Mungu awape usingizi mtamu na vicheko tele.

Kaka yako akupendaye sana,
Domo

Nyongeza: Ile ya kukaribishwa ni uongo. Nilijipenyeza, nikashika kipaza sauti, nikatolewa nje kwa kola. Hayo ya damu nilihadithiwa na fundi kwenye benchi la nje, nikilia kama mtoto.