Binti Yangu Amekuwa Mmaasai wa Shule

Mpendwa Shangazi Wahu, naandika kwa aibu lakini nisaidie kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, maana siku hiyo ikifika kabla sijajua la kufanya, ama nitamvunja moyo binti yangu ama nitajiaibisha mbele ya shule nzima. Mimi ni Mbukusu wa kijiji cha Matulo, nafanya kazi ya kutunza wazee katika mji mdogo huku Uingereza, na Nangila wangu, ana miaka kumi na moja, ndiye mtoto mweusi pekee shuleni kwao, ukiacha kijana mmoja wa chekechea ambaye baba yake anatoka Ghana. Huku Oktoba ni mwezi wa historia ya watu weusi na shule inajitahidi, siwezi kudanganya, wanabandika picha ukutani, wanapika wali wenye pilipili kidogo wanasema ni chakula cha Afrika, halafu siku ya mwisho wanamwita Nangila mbele.

Sasa makosa ni yangu. Miaka mitatu iliyopita mwalimu wake, Bi. Hazel, aliniuliza sisi ni kabila gani, nikasema Bukusu, akanitazama tu, nami nilikuwa nimetoka zamu nimechoka, mara nikasikia mdomo wangu ukisema ati ni kama Wamaasai, na uso wake ukang'aa, akasema hao anawajua kwa televisheni, basi nikasema ndiyo, ndio sisi. Nilipokuja likizo nikanunua shuka nyekundu na shanga pale Kitale, Nangila akaruka mbele ya shule akapigiwa makofi, mwaka uliofuata wakaomba aruke tena na aeleze vile babu yake aliua simba, na hiyo hadithi ya simba ni mimi nilimwandikia, Shangazi, na baba yangu alikuwa karani wa kiwanda cha sukari, simba alimwona kwa kalenda.

Mwezi uliopita shule iliweka picha ya Nangila kwa ukurasa wao wa mtandaoni kutangaza siku hiyo, mpwa wangu Tonny akaiona, akaipeleka moja kwa moja kwa mamangu Wilkista, ambaye Nangila humwita Kukhu, huko Matulo. Mama hakunigombeza. Aliomba kuongea na Nangila peke yake, wakaongea saa nzima, akamweleza vita vya Chetambe, vile mwaka wa 1895 watu wetu walijifungia ndani ya ngome kule kilimani wakapigana na Waingereza wenye bunduki, na vile nyanya yake yeye Mama alitolewa humo akiwa mtoto wa mgongoni. Tangu hapo Nangila amekunja ile shuka akaifungia kwa begi. Ameniambia, "Mum, sitaruka tena. Kukhu ameniambia sisi ni nani. Ukinilazimisha, Ijumaa siendi shule."

Na wazazi wote wamealikwa, hata meneja wangu ambaye watoto wake wako hapo, nami nikikubali kwamba nilidanganya wataniona mwongo, na nikitaja Chetambe si nitakuwa nawaambia babu zao walituchomea boma, na mimi niko kwao, nakula kwao? Mume wangu Wakoli anasema mtoto aruke tu mara ya mwisho, ni dakika tano, hakuna atakayekufa. Nifanye nini?

Mama Nangila, Uingereza

*

Mama Nangila, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka nilipofika kwa simba wa kalenda. Mara ya pili sikucheka.

Uchovu wako nauelewa. Mimi ni Mkikuyu niliyezaliwa hapa Kitale, nimeulizwa "kwenu ni wapi" tangu nikiwa darasa la kwanza, na najua mtu huchoka akajibu lolote ili maswali yaishe. Lakini wewe hukujibu tu, bana. Ulinunua shuka, ukaandika hadithi, ukamvisha mtoto uongo wako. Na Wamaasai nao wana mama zao; uliwachukulia nguo na simba bila kuuliza mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekwenda miaka mitatu, kwa hivyo shukuru.

Ati unakula kwao. Mama, unawaosha wazazi wao, unawageuza kitandani, unawalisha kwa kijiko. Hicho chakula umekitolea jasho. Wao wenyewe ndio walitenga mwezi mzima wakasema tuambieni historia, na Chetambe ni historia. Watoto wa darasa la Nangila hawakushika bunduki 1895, hakuna anayewashtaki. Wana haki ya kujua, tena wataelewa haraka kuliko wewe unavyoogopa.

Wakoli naye mwambie avae shuka aruke yeye. Ni dakika tano, hakuna atakayekufa.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujapika, mwombe Nangila msamaha. Usimweleze habari ya zamu, sema pole na unyamaze. Kesho nenda kwa Bi. Hazel ana kwa ana, si kwa meseji. Mwambie, "Nilikudanganya kwa sababu nilichoka kueleza." Huyo mwalimu ana roho nzuri, inaonekana, lakini mwulize jambo moja: mwaka ujao Nangila akienda sekondari, historia ya watu weusi itahama naye? Shule yenye mtoto mweusi mmoja ndiyo inafaa kufundisha hayo mambo zaidi, na walimu wakiwa mbele, Oktoba na hata Machi. Mtoto hupelekwa shule kufundishwa. Nyinyi wote wawili mmemgeuza mwalimu wa bara zima, bila mshahara.

Mwombe Bi. Hazel nafasi ya simu ya video na Mama Wilkista. Asubuhi ya huko, huku ni mchana, mama atakuwa ametoka shambani, na Tonny aliyeanzisha mambo atamshikia simu. Aseme Kibukusu chake, wewe utafsiri, usiruke lolote. Meneja wako akinuna, anune. Nadhani atakuuliza kilima hicho kiko wapi.

Na Ijumaa hiyo Nangila avae sare kama wenzake, akae kwenye kiti chake katikati ya rafiki zake, asikilize habari za kwao bila kuangaliwa na mtu. Anayesimama mbele ni wewe.