Papa Etaje, Treni Ziko Tatu

Papa,

Kama umelala, amka. Kama umekaa na wenzako wa reli mnapiga soga huko mliko, waambie wanyamaze kidogo, binti yako Ngoie ana habari. Nimeona, Papa! Nimeona kwa macho yangu haya, na mume wangu Salumu alikuwa pembeni yangu, naye ameona. Naandika mbio mpaka mwandiko umekuwa wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini wewe utausoma tu, maana mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri.

Ngoja nianze mwanzoni. Ulikuwa hupendi mtu anayeingilia hadithi katikati.

Mwaka haujatimia tangu tukuzike Kamina. Binti yetu Zaina, mjukuu wako yule muuguzi wa Bruxelles, alituita. Alisema mmelea vya kutosha, njooni mtembee. Salumu akamwachia mdogo wake duka la vitenge, mimi ualimu nilishauacha, tukafunga mizigo. Huu ni mwezi wa pili tunazunguka, wazee wawili wenye mvi, tumeshikana mikono barabarani kama wachumba. Kamina wangetuzomea. Tumefika Paris, Lille, Liège, na kote huko tunakwenda kwa treni. Siku ya kwanza tulifika stesheni alfajiri na mapema, tumebeba kuku wa kukaanga, ugali wetu wa bukari uliofungwa kwenye majani, maji ya siku mbili na blanketi, kama watu wanaokwenda Kananga. Safari yenyewe ilikuwa chini ya saa moja! Zaina alicheka mpaka akakaa chini. Bukari tukarudi nayo nyumbani kwake, bado ina moto.

Lakini mji niliokuwa nautaka ulikuwa mmoja tu, Anvers. Na sababu unaijua.

Unaijua, lakini acha niiseme, maana sijawahi kukuambia upande wangu. Mwenzako Ilunga, aliyemfuata mwanawe Ubelgiji, alikuandikia kwamba Anvers kuna stesheni ya ghorofa, treni moja chini, nyingine juu yake, ya tatu juu ya zote. Ukaiweka barua kwenye sanduku la mbao ili uwaonyeshe watu siku ya mshahara. Mchwa wakakutangulia. Ukabaki na mdomo mtupu, na kwa mdomo huo ukawaambia wenzako pale stesheni: "Kule Anvers kuko gare ya etaje tatu. Treni iko chini, ingine iko katikati, ingine iko juu. Na zote zinatembea." Rafiki yako Papa Mbayo, wa kufunga mabehewa, ndiye aliyekuharibia, akakuita mwongo. "Aa, weye! Ile njo bongo! Treni njo kuku, ipande juu ya mwenzake?" Watu walicheka mpaka wakasahau kazi. Kuanzia siku ile jina lako likafa, ukawa Papa Etaje. Kanisani Papa Etaje, sokoni Papa Etaje, hata mwenye kuuza dawa aliandika Etaje kwenye karatasi yako.

Wewe ulikuwa na jibu moja tu, na hukulibadilisha miaka yote. "Kazi yangu ni kugeuza reli. Nikisema njia iko wazi na haiko wazi, bantu banakufa. Muntu wa kazi hii hasemi bongo." Ni kweli, Papa. Nilikuona mara ngapi ukitembea kwenye mvua mpaka mahali reli zinapoachana, uiname, uangalie, ushike kwa mkono, ndipo urudi na kupaza sauti kwamba njia iko wazi? Wenzako waliangalia kwa mbali. Wewe ulikwenda.

Na bado nilicheka. Nilikuwa mwalimu, nimesoma, nilijiona najua mambo ya dunia. Watoto wangu wakiuliza, nilikonyeza jicho.

Kuna siku moja inayoniuma kuliko zote. Ulikuwa umelala, wiki ile ya mwisho, sauti imebaki kidogo. Ukanishika kidole. "Ukifika kwa Zaina, uende Anvers. Uangalie. Uhesabu." Nikasema ndiyo, Papa, ndiyo, kwa sauti ile tunayomwitikia nayo mtoto mwenye homa. Uliisikia sauti ile. Ukageukia ukutani.

Halafu kilio. Wajukuu, ambao kwetu wana ruhusa ya kumtania babu yao hata akiwa ndani ya jeneza, walibebanisha viti vitatu, kimoja juu ya kingine, mmoja akapanda juu kabisa akapiga mluzi wa treni. Watu wote waliangua kicheko. Nami, binti yako, nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha nikaona miguu yako ndani ya viatu vya kazi, vile viatu tulivyokuvisha, nikaacha kucheka. Aliyekaa kimya peke yake alikuwa Salumu. Mukwe hamcheki baba wa mke wake, ndiyo desturi, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutoa hata tabasamu. Ndiyo maana ulimpenda, wewe Mkristo wa kambi ya reli na yeye mtoto wa Waislamu wa Maniema. Ulikuwa unasema: "Mukwe wangu njo ananisadiki."

Sasa jana.

Tulifika Anvers asubuhi. Papa, nilishuka kwenye treni kabla ya wote. Paa la stesheni ni la chuma na vioo, liko juu sana, hata kanisa letu na mnara wake lingeingia humo na likabaki na nafasi ya kupumua. Nikaangalia juu kutafuta treni ya pili. Vioo. Nikaangalia upande mwingine. Njiwa. Treni zilikuwapo, nyingi na nzuri, lakini zote zimepangana sawasawa na sisi, na mwisho wa kila njia reli inakomea. Ghorofa moja tu. Mimi ni mtoto wa kambi ya reli, nilikua najua kwamba chini ya reli kuna kokoto, na chini ya kokoto kuna udongo, basi. Nilizunguka nikitazama dari kama mtu aliyepotelewa na kuku wake.

Tukashuka ngazi pana za mawe, tukaingia ukumbi wenye saa kubwa ya dhahabu na kuba juu. Sikushangaa hata kwa zile ngazi. Nilidhani reli imepitishwa juu ya tuta, kama inavyokuwa ikikaribia daraja. Watu walipiga picha. Mimi nilikuwa natafuta pa kukaa.

Ajabu ni hii, Papa. Nilikuja kukuomba radhi. Nilitaka sana niwe nimekosea, miaka yote hiyo, mimi na Kamina nzima. Na pale kwenye ngazi ilionekana kwamba hatukukosea. Ulikuwa umedanganywa tu, mzee wa watu, ukaubeba uongo wa mwingine mpaka kaburini. Salumu aliniangalia. Alinishika mkono akaniambia twende, mji hauko hapa kwa ajili ya treni peke yake.

Basi tukatembea. Na mji ule ni mzuri, acha niseme ukweli hata nikiwa na donge moyoni. Simba wanafugwa jirani na stesheni, fikiria, abiria anashuka na simba yuko nyuma ya ukuta! Baiskeli zinapita kimya kimya, moja nusura imkumbe Salumu akiwa anasoma bei ya vitambaa dirishani. Tulikula viazi vya kukaanga kwenye karatasi, vimepakwa mayoneze, tukajipaka mpaka puani. Tukafika mtoni. Ni mto mpana kama Lualaba pale Bukama, ila hauna majani wala mitumbwi, una meli kubwa. Upepo ukamvua Salumu kofia, ikabidi aikimbilie, na mama mmoja mwenye mbwa akaikanyaga kwa kiatu ili isiingie majini. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hapo mtoni kuna njia ya kuvuka kwa miguu, lakini si daraja. Inapita chini. Unaingia kwenye nyumba ndogo, unasimama juu ya ngazi za mbao zinazojiendesha zenyewe huku zikilia kwikwi, zinakushusha, zinakushusha, mpaka unakuta barabara nyembamba ya vigae vyeupe, imenyooka, huoni mwisho wake. Tukaanza kutembea. Katikati Salumu akasimama. Akaangalia juu, akaangalia chini. Nilidhani amechoka.

"Ngoie," akasema, "tuko chini ya mayi. Na juu ya mayi kuko meli. Bantu benye kupitisha bantu chini ya mutoni, batashindwa kupitisha treni chini ya treni?"

Nikaangalia vigae vya juu yetu. Yeye akaendelea.

"Papa alisema ya tatu iko juu. Sisi tuliangalia juu tu. Sasa kama ile yetu njo ilikuwa ya juu?"

Papa, nilimshika huyo mwanaume shati! Tuligeuka palepale, upande wa pili wa mto hatukuufika. Tulikimbia. Mimi na magoti yangu haya, yeye na kofia mkononi, kwenye mawe ya mji wa watu, kitenge changu kimepanda, watu wanatupisha wakidhani tunachelewa treni. Na kweli tulikuwa tumeichelewa, kwa miaka.

Tulipofika hatukupanda zile ngazi za mawe. Tulimuuliza msichana anayeuza kahawa, treni nyingine ziko wapi, akanyoosha kidole sakafuni. Sakafuni! Tukapita nyuma ya ukumbi, na pale sakafu imekatwa, kuna uwazi mkubwa wenye ukingo. Nikashika ukingo, nikainama kama ulivyokuwa ukiinama wewe, nikaangalia.

Chini kabisa kulikuwa na treni. Juu yake, kwenye ghorofa yake, treni. Nikainua kichwa, na kule juu, chini ya lile paa la vioo, palepale tuliposhukia asubuhi tukitafuta ghorofa hewani, treni. Nikahesabu kwa kidole, kwa sauti, kama ulivyoagiza. Moja. Mbili. Tatu. Ya chini ikaanza kuondoka na ya juu ikaingia. Zote zinatembea, Papa! Zote zinatembea!

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, Salumu anasema niliita "Papa" mara nyingi. Bwana mmoja mwenye mkoba akaja kuuliza kwa Kifaransa kama Mama anaumwa. Nikamsimulia yote, barua, mchwa, Papa Mbayo, viti vya kilio. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia anapita hapo kila siku ya kazi na hajawahi kuzihesabu. Akahesabu naye. Akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Nilipogeuka, Salumu amevua kofia, ameiweka kifuani, na macho yamemlowa. Alikuwa anaongea na wewe, si na mimi. "Papa Mukwe, unisamehe. Hata minyi sikusadiki. Nilikuwa nanyamaza tu, juu ya heshima." Basi ujue, Papa. Hukuwa na hata mmoja aliyekusadiki. Miaka yote hiyo ulisimama na ukweli wako peke yako, na kila mtu aliyekupenda alikuwa anakuonea huruma au anakucheka. Nimelia kwa hilo. Naandika haya asubuhi, chai mbele yangu, na bado nalia, lakini ni machozi ya furaha zaidi, usihuzunike.

Nisamehe kwa ile sauti niliyokuitikia nayo. Kama ningeweza kurudisha kitu kimoja, ningerudisha hicho.

Unataka kujua kama nimemwambia Papa Mbayo? Nilimtumia picha palepale. Picha yenyewe haikuzibeba treni zote tatu vizuri, Salumu alilala chali sakafuni akashindwa. Leo asubuhi sauti ya mzee ikaingia kwenye simu, inakwaruza lakini ni ileile. "Foto ya siku hizi! Telefone njo inatengeneza yote. Ile njo bongo, weye mutoto ya Etaje!"

Nilicheka sana, Papa, na safari hii nilicheka nikiwa upande wako. Nimeona sasa tulivyo sawa. Wewe uliliwa barua na mchwa, mimi nimenyang'anywa picha na simu yenyewe. Nitarudi Kamina na mdomo mtupu.

Basi naahidi hivi. Mwaka ukitimia, tukirudi kumaliza kilio chako, watu wakishakula, nitaviomba vile viti vitatu. Nitavibebanisha mwenyewe mbele ya kambi yote, na nitasimama pembeni yake niseme nilichoona, ya chini, ya katikati, ya juu. Salumu atasimama nami, desturi inamkataza kucheka, haimkatazi kusema. Wakicheka, wacheke. Wakiniita Mama Etaje, nitaitika, kanisani na sokoni, mpaka siku watakapokuja kunilaza jirani na wewe.

Pumzika sasa, Papa. Njia iko wazi. Nimekwenda, nimeinama, nimeangalia.

Binti yako,
Ngoie