Usimlishe Mama Yangu

Baba Perez,

Uji wa wimbi uko kwenye thamosi. Mayai nimechemsha, visamaki vya omena nimesaga. Mpe kidogo kidogo, kila baada ya ~~saa mbili~~

Hapana. Usimpe wewe. Mwite Mama Shiku, jirani, amlishe, na wewe utoke nje ya geti mpaka amalize.

Leo asubuhi nimempima mama: kilo thelathini na sita. Wiki tatu mimi, nesi mzima, naandika kwa daftari "hana hamu ya kula." Kumbe ulipoenda kununua mkate alimaliza bakuli lote, akaomba lingine! Nikamuuliza. Akaniambia, "Nitakulaje mbele ya mume wa binti yangu? Afadhali nife na heshima yangu."

Na wewe kila siku uko hapo kwa kitanda, kijiko mkononi, "Kula, Mama, kula," kanisa zima likikusifu. Mjaluo gani wewe, hujui mkwe wako hawezi kufungua mdomo mbele yako? Na mimi nilikuwa nakushukuru.

Ungemchukia hata kidogo tu, saa hii angekuwa amenenepa.

~~Mke wako~~
Binti wa mgonjwa